Alipokea Ofisi Lini?

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu na wengine mmeuliza kulikoni. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nasoma, na kilichonisukuma kusoma ni aibu. Hebu niwasimulie.

Kuna kampuni moja, jina naliacha, ilitoa hesabu zake za mwaka zikionyesha hasara. Mkurugenzi mtendaji wake ni mwanamama, wa kwanza kushika nafasi hiyo tangu kampuni ianzishwe. Mimi niko dawati la biashara, stori ikaniangukia. Nikaandika aya tisa za haraka haraka, si mnajua tena gazeti linavyosubiriwa mitamboni. Kichwa cha habari sikukiweka mimi, lakini siwezi kujificha hapo, maana kilichotwa moja kwa moja kwenye aya yangu ya kwanza: mwanamke wa kwanza, hasara ya kwanza ndani ya miaka sita.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ya mezani ikalia. Mama mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo huku nikijiandaa kutukanwa. Akaitikia marahaba, akauliza habari za kazi, kisha akasema kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, stori yako nimeisoma. Namba zote umezinukuu sawasawa. Nina swali moja tu. Hesabu hizo zinaishia Desemba. Mimi ofisi nimepokea lini?"

Nikafungua faili. Oktoba, tena mwishoni.

Tulichapisha masahihisho: mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la viwanja. Stori yenyewe ilikuwa imepewa nusu ukurasa na picha yake kubwa. Tangu siku hiyo swali la yule mama halijanitoka kichwani, ndiyo maana nikaanza kuchimba historia ya jambo hili. Wanawake wanapokaa juu ya kampuni, kampuni hupanda au hushuka? Nilichokuta ni kwamba kosa langu lina ukoo mrefu, na baadhi ya ndugu zake ni wakubwa kuliko mimi.

Tarehe 11 Novemba 2003 gazeti la The Times la London lilichapisha makala ya mwandishi wake wa biashara, Elizabeth Judge. Alichukua orodha ya kampuni 100 kubwa za Soko la Hisa la London, iliyopangwa na watafiti wa Cranfield kwa kuangalia idadi ya wanawake kwenye bodi, akailinganisha na bei za hisa. Akaona kwamba nyingi kati ya zilizokuwa na wanawake wengi zilikuwa chini ya wastani wa soko, na zilizokuwa na wanaume watupu zilikuwa zinafanya vizuri. Hitimisho likawa kwamba wanawake kuingia kwenye bodi kumeziharibu kampuni. Namba zake zilikuwa namba halisi, kama zangu.

Katika Chuo Kikuu cha Exeter kulikuwa na wanasaikolojia wawili, Michelle Ryan na Alex Haslam, waliosoma makala ile wakatilia shaka jambo moja. The Times lilikuwa limeuchukua mwaka mzima kama picha moja ya mnato. Wao wakaamua kuutazama kama sinema. Walichukua kampuni 19 zilizoteua mwanamke kwenye bodi mwaka 2003, wakaziweka pembeni ya kampuni 19 zilizoteua mwanamume, halafu wakafuata bei za hisa mwezi kwa mwezi, kabla ya uteuzi na baada yake. Matokeo yalitoka mwaka 2005 kwenye jarida la British Journal of Management. Wakati soko zima lilipokuwa linashuka, kampuni zilizoteua wanawake zilikuwa tayari zimekwenda vibaya kwa miezi mitano mfululizo kabla ya mwanamke huyo kuingia. Na hawakuona dalili kwamba kuingia kwake ndiko kulikoporomosha bei.

Yaani gari lilishakatika breki, ndipo wakaambizana, jamani usukani apewe mama.

Jambo hili walilipa jina, jabali la kioo. Mmeshasikia dari la kioo, lile linalomzuia mwanamke kupanda huku akiwaona wenzake juu. Jabali ni hatua inayofuata: amepanda, lakini pale alipowekwa ni ukingoni. Kwa nini iwe hivyo? Kuna wanaosema bodi zikibanwa hutafuta sura mpya ya kuwaonyesha wenye hisa kwamba mambo yamebadilika. Wengine husema wanaume wenye majina hukataa kazi za hatari kwa sababu wanajua nyingine zinakuja, wakati mwanamke anajua hii huenda isirudi tena. Niseme ukweli pia kwamba si watafiti wote wanakubali. Mwaka 2009, kwenye jarida lile lile, Adams, Gupta na Leeth waliandika kwamba kwa wakurugenzi watendaji wa Marekani hawakuliona jabali hilo. Kwa hiyo tusiligeuze kuwa kanuni. Lakini swali la tarehe lilikuwa limeshaulizwa, na ukishalisikia huwezi kusoma historia ya kampuni kama zamani.

Chukua Xerox, kampuni ya mashine za fotokopi. Anne Mulcahy aliingia pale mwaka 1976 kama muuzaji. Agosti 2001 akawa mkurugenzi mtendaji. Alipokea nini? Madeni ya takriban dola bilioni 17, hisa zilizokuwa zimeporomoka, na uchunguzi wa serikali juu ya hesabu za miaka ambayo hakuwa yeye kwenye kiti. Washauri walimwambia atangaze kufilisika, akagoma. Alifunga vitengo, akapunguza wafanyakazi kwa maelfu, akawa anazunguka kwa wateja mmoja mmoja. Kampuni ikapona, na mwaka 2009 akamkabidhi Ursula Burns, mwanamke wa kwanza mweusi kuongoza kampuni kubwa kiasi hicho Marekani. Mwandishi wa aina yangu angeandika nini Desemba 2001? Mnajua wenyewe.

Au Mary Barra wa General Motors. Alianza pale mwaka 1980 akiwa na miaka 18. Tarehe 15 Januari 2014 akakabidhiwa kampuni nzima, na mwezi uliofuata ikaanza kurudisha magari kwa sababu ya swichi mbovu ya kuwashia, ambayo ilikuwa inazima gari njiani na kuzuia mifuko ya hewa isifunguke. Ubovu huo baadhi ya wahandisi wa kampuni walikuwa wanaujua kwa karibu miaka kumi. Mfuko wa fidia ulikuja kukubali vifo 124. Aprili 2014 aliyeketi mbele ya Bunge la Marekani kujibu maswali alikuwa mwanamama mwenye miezi isiyozidi mitatu kwenye kiti.

Lakini hadithi iliyonikaa zaidi ni ya kwetu waandishi, ya Katharine Graham wa Washington Post. Baba yake, Eugene Meyer, alilinunua gazeti hilo kwenye mnada wa kufilisika mwaka 1933 kwa dola 825,000. Binti alikuwa mwandishi wa habari, aliwahi kufanya kazi San Francisco. Ulipofika wakati wa kurithisha, mzee alimpa gazeti mkwewe, Philip Graham. Mwaka 1948 alipogawa hisa zenye kura, mkwe alipata 3,500 na binti wa kumzaa akapata 1,500. Hoja ya mzee ilikuwa kwamba mwanamume hapaswi kufanya kazi chini ya mkewe. Na Katharine mwenyewe ameandika kwamba wakati ule aliona ni sawa tu. (Kwetu mambo haya mbona tunayajua. Ni shamba la mzee, kwa herufi nyingine.)

Agosti 1963 Philip, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili, alijiua. Katharine alikuwa na miaka 46 na watoto wanne. Wengi walitegemea auze. Hakuuza, akashika kampuni huku akitetemeka, na hilo si tusi langu, kitabu chake cha maisha kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1998 kimejaa hofu hiyo. Juni 1971 mambo mawili yakamkuta wiki moja. Kampuni ilikuwa inauza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, na wahariri wake walikuwa wamepata nyaraka za siri za vita vya Vietnam ambazo mahakama ilikuwa imeshaizuia New York Times kuendelea kuzichapisha. Wanasheria walisema usichapishe, uuzaji wa hisa utaharibika. Usiku wa tarehe 17 Juni akasema chapisheni. Tarehe 30 Mahakama Kuu ya Marekani ikayapa magazeti haki kwa kura 6 dhidi ya 3. Mwaka uliofuata ukaja mkasa wa Watergate, uliomwondoa Rais Nixon mwaka 1974. Oktoba 1975 mafundi wa mitambo wakagoma na kuharibu mashine za kuchapia, gazeti likaendelea kutoka.

Sasa hesabu. William Thorndike, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu wakurugenzi wanane waliozipita kampuni nyingine kwa mbali, amemweka Katharine, mwanamke pekee kati ya wanane. Tangu hisa zilipouzwa mwaka 1971 mpaka alipoachia uenyekiti mwaka 1993, wenye hisa walipata zaidi ya asilimia 22 kwa mwaka, wakati soko zima lilikuwa linatoa kama asilimia 7.

Hapo ndugu zangu wa kambi ya "wanawake wanaweza" watapiga makofi. Ngoja kwanza. Swali la yule mama linakata pande zote mbili. Katharine alipokea lini, na alipokea nini? Alipokea gazeti linaloongoza mji mkuu wa Marekani, vituo vya televisheni, na jarida la Newsweek lililokwisha nunuliwa mwaka 1961. Na hakuchaguliwa na mtu kwa uwezo wake wala kwa sababu meli ilikuwa inazama, alichaguliwa na msiba. Uhodari wake siutilii shaka hata kidogo, mwanamume mwingine angeweza kupokea urithi ule ule akautafuna. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja si takwimu.

Na wenye takwimu nao wamejikwaa pale pale. Mwaka 2004 shirika la Catalyst la Marekani lilitoa utafiti wa kampuni 353 kwa miaka ya 1996 hadi 2000. Kundi lenye wanawake wengi zaidi kwenye uongozi lilikuwa na faida kwa mtaji wa wenye hisa iliyozidi ile ya kundi lenye wanawake wachache kwa asilimia 35. Catalyst wenyewe walionya kwamba hawajathibitisha kipi kimesababisha kipi. Onyo hilo likabaki kwenye ripoti, asilimia 35 ikatembea dunia nzima. Halafu wakaja McKinsey na ripoti zao, maarufu zaidi ikiwa ya mwaka 2015, zikawa kama msahafu wa semina za maofisini. Mwaka 2024 wahasibu wawili, Jeremiah Green na John Hand, walijaribu kurudia hesabu hizo kwa kampuni kubwa za Marekani na hawakupata matokeo yale. Wakaonyesha na jambo jingine ambalo lilinifanya niinuke kwenye kiti: McKinsey walipima faida ya miaka iliyotangulia ule mwaka waliohesabu viongozi. Ukipima hivyo, unaweza ukawa umegundua tu kwamba kampuni zenye pesa ndizo huajiri watu wa namna mbalimbali. The Times walimlaumu mama kwa hasara aliyoikuta, hawa wakampongeza kwa faida aliyoikuta!

Mahali pamoja ambapo tarehe haikupangwa na kampuni ni Norway. Februari 2002 waziri wa viwanda na biashara, Ansgar Gabrielsen, mwanasiasa wa chama cha kihafidhina, aliliambia gazeti la VG kwamba amechoshwa na klabu ya wanaume kwenye bodi. Wenzake serikalini walilisoma gazetini kama wananchi wengine. Mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria: asilimia 40 ya bodi za kampuni kubwa za hisa wawe wanawake. Kampuni zikapewa nafasi ya kufanya kwa hiari, hazikufanya, ikabidi kuwe na mwisho, Januari 2008, na adhabu ya kuvunjwa kampuni. Kutoka chini ya asilimia 10 wakafika 40.

Matokeo? Ahern na Dittmar waliandika mwaka 2012 kwamba thamani ya kampuni ilishuka, wakieleza kwamba wajumbe wapya walikuwa vijana zaidi na wenye uzoefu mdogo wa kuongoza. Wengine, Eckbo, Nygaard na Thorburn, wakarudia hesabu kwa uangalifu zaidi na mwaka 2022 wakachapisha kwamba ushuko huo hauna ushahidi wa kutosha. Utafiti mwingine wa 2019 ukaona kwamba wanawake wa ngazi za chini kwenye kampuni hizo hizo hawakunufaika kwa namna inayoonekana. Kwa hiyo balaa lililotabiriwa halikuthibitika, na neema iliyotabiriwa nayo haikuonekana. Ni jibu lisilouza gazeti, lakini mimi nalipenda.

Turudi nyumbani, maana najua mlikuwa mnanisubiri hapa. Mwaka 2015 benki ya NMB ilimpata mkurugenzi mtendaji mwanamke, Ineke Bussemaker, Mholanzi. Faida baada ya kodi ilikuwa takriban shilingi bilioni 150 mwaka 2016, mwaka 2017 ikashuka chini ya bilioni 100. Agosti 2020 ikamthibitisha mwanamke mwingine, Ruth Zaipuna, Mtanzania, aliyekuwa mkuu wa fedha wa benki hiyo hiyo na tayari alikuwa akikaimu. Faida ikapaa: takriban bilioni 206 mwaka 2020, 429 mwaka 2022, 542 mwaka 2023. Benki ile ile, wanawake wawili. Kama jinsia ndiyo inayoleta faida, tumchukue yupi?

Sasa weka CRDB pembeni. Mwaka 2016 faida yake ilikuwa takriban bilioni 74, mwaka 2017 ikaanguka hadi kama 36, chini ya Dk. Charles Kimei, mwanamume aliyeijenga benki ile kwa miaka mingi. Kisha chini ya Abdulmajid Nsekela, aliyeshika usukani mwishoni mwa 2018, ikapanda kutoka 120 mwaka 2019 hadi 424 mwaka 2023. Ukizichora faida za benki hizi mbili kwenye karatasi moja, zinashuka pamoja na kupanda pamoja. Mwaka 2016 serikali iliagiza fedha za taasisi za umma zihamishiwe Benki Kuu, na mikopo chechefu ikaongezeka nchi nzima hadi kupita asilimia 10. Baadaye mikopo ikasafishwa na wateja wa simu na mawakala wakaongezeka. Sisemi viongozi hawana mchango. Nasema Bussemaker na Kimei walilowa mvua moja.

Lakini kumbukumbu zetu hazinyeshewi sawa. Mwaka 2018 nchi hii ilipoteza benki mbili zilizokuwa na wanawake kwenye jina. Tarehe 4 Januari Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, na Benki ya Wakulima Kagera. Agosti mwaka huo Benki ya Wanawake Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 2009 na serikali ikiwa na hisa nyingi zaidi, ikaunganishwa na TPB. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakizitaja hizo mbili kama ushahidi kwamba kina mama na benki ni vitu viwili. Nikawauliza, na Efatha je? Na Twiga Bancorp, ambayo Benki Kuu iliichukua mwaka 2016 mtaji ukiwa umeshakwenda hasi, na yenyewe ikaingizwa TPB mwaka ule ule wa 2018? Wakasema aah, hiyo ilikuwa mtaji.

Zote ilikuwa mtaji. Benki ndogo, wateja wa kipato kidogo, na wenye hisa wasio na fedha ya kuongeza Benki Kuu inapopandisha kiwango. Ila zilizobaki hazikuwa na jinsia kwenye kibao, kwa hiyo zilipokufa hakuna jinsia iliyoaibika.

Ya mwisho. Mwezi uliopita kampuni ya yule mama ilitoa hesabu za mwaka mwingine, safari hii ni mwaka wake mzima, Januari hadi Desemba. Faida, ndogo, lakini faida. Niliandika aya saba, na katika aya ya pili nikaweka tarehe aliyopokea ofisi na hali aliyoikuta. Mhariri aliikata hiyo aya kwa kukosa nafasi. Stori ikatoka ukurasa wa kumi na tisa, bila picha.